UZI: Kuvua chini ya barafu na familia nzima, pechi kwanza, trauti baadaye

Mshipi Mrefu (mwenye uzi)

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa wale wanaotaka kuwapeleka watoto kuvua juu ya ziwa lililoganda, wakarudi nao wazima, wenye joto, na wenye hamu ya kwenda tena. Nitaeleza tulivyofanya safari yetu ya juzi: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 12, kijana wa miaka 8 na mdogo wao wa miaka 5. Kisha nitasema kwa nini tulipanga hivyo. Maswali na mabishano yote yanakaribishwa.

Msimamo wangu nautanguliza. Safari ya familia ipangwe kwa ajili ya pechi. Trauti apewe alfajiri, na jioni kama watoto bado wana nguvu. Watu wazima wengi hufanya kinyume chake. Wanamfuata trauti kwa sababu ni mkubwa na ana sifa, watoto wanakaa nusu siku wakitazama tundu ambalo halitikisiki, vidole vya miguu vinakufa ganzi, na mwaka unaofuata ukitaja ziwa hakuna anayeinuka kitini. Pechi hutembea kwa makundi, hutegemea macho kutafuta chakula, na kwa hiyo hula mchana kweupe. Ukilipata kundi, mtoto anadonewa mara kwa mara. Huyo ndiye samaki wa mtoto.

Kwa ambao hawajamwona: pechi ana mistari myeusi inayoshuka kutoka mgongoni kwenda tumboni, na pezi la kwanza la mgongoni lina miiba ya kuchoma. Wa Ulaya ana mapezi mekundu upande wa chini, wa Amerika Kaskazini ana mwili wa njano. Trauti ni jamii moja na samoni, nao wako wengi: wa upinde wa mvua, wa kahawia, wa vijito, na yule mkubwa wa maziwa yenye kina. Wote wanapenda maji baridi yenye oksijeni nyingi.

Sasa tuelewane kuhusu kinachotokea chini ya miguu yetu, maana hapo ndipo mtu anajua atoboe wapi. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakifikia nyuzijoto 4. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi, yanabaki juu, na yanaganda huko huko juu. Ndiyo maana ziwa haligandi kuanzia chini. Maji yanayogusa barafu yako kwenye nyuzijoto 0, ya chini kabisa yako karibu na 4. Pechi hupenda kulala karibu na sakafu kwenye hayo maji ya afadhali. Trauti hasumbuliwi na baridi, anazunguka popote, na mara nyingi anapita mita moja au mbili tu chini ya barafu, karibu kabisa na ufuko. Tena kadiri majira ya baridi yanavyosonga, oksijeni huanza kupungua kule chini kwa sababu majani na uchafu vinaoza huko, na barafu inazuia hewa mpya isiingie. Hapo trauti anazidi kupanda juu. Watu wanatembea hadi katikati ya ziwa kumtafuta samaki waliyempita pale walipoanzia.

Tulifika kabla ya mapambazuko. Mimi nilitangulia na mtaimbo, nikipiga mbele yangu kila hatua chache, wengine wakafuata nyuma kwa mstari, wameachana. Kila mtu alivaa koti la kuelea, na shingoni ana misumari miwili ya kujiokolea yenye vishikio. Hata yule mdogo. Tulipofika mahali pa kwanza nilitoboa kwa kekee, nikapima unene kwa rula, nikamwonyesha kila mtoto. Nataka wakue wakijua kwamba barafu hupimwa, haikisiwi kwa macho.

Kipimo ninachofuata ni kile kinachotolewa na mamlaka nyingi za nchi za baridi: barafu ngumu, angavu, inayoonyesha weusi wa maji chini yake, isipungue sentimita 10 kwa watu wanaotembea kwa miguu. Barafu nyeupe, ile iliyotokana na theluji iliyolowa na kuganda tena, ina nguvu nusu tu, kwa hiyo unene wake uwe mara mbili. Na unene wa hapa hauhusiani na wa pale. Palipo na mdomo wa mto, chemchemi, mlango mwembamba kati ya visiwa viwili, mwamba uliochomoza au gogo lililogandishwa, barafu inaweza kuwa nyembamba hata kama pembeni ni nene. Theluji nyingi juu yake nayo ni kama blanketi: inaizuia isizidi kuganda, na inaielemea.

Kwa trauti tulitoboa matundu mawili karibu na rasi ndogo, pale ambapo maji yalikuwa na kina cha mita mbili na nusu hivi. Tundu la trauti liwe na upana wa sentimita 15 hadi 20, maana samaki akija mlangoni na kichwa kikagoma kuingia, mshipi unakatika kwenye ukingo. Tukashusha chambo hadi mita moja tu chini ya barafu. Mke wangu alifunika matundu kwa vipande vya barafu vilivyochimbuliwa, akaacha nafasi ya mshipi, ili mwanga usiingie kama taa. Kwenye maji mafupi namna hiyo trauti anaona na kusikia kila kitu. Watoto wakaambiwa: hakuna kukimbia, hakuna kudondosha ndoo, mpaka jua litoke.

Binti alikuwa ameshika ufito mwenyewe. Alipodonewa, ufito ulipinda na mshipi ukaanza kutoka. Nilimwambia kitu kimoja tu, mwache aende. Trauti ana mdomo laini, ukimvuta kwa nguvu ndoana inachana na kutoka. Breki ya gurudumu la mshipi inalegezwa kabla ya kuanza, si wakati wa mapambano. Alimwachia, akamrudisha, akamwachia tena, na mara ya mwisho kichwa kilipotazama juu ndani ya tundu mama yake akaingiza mkono na kumtoa. Trauti wa upinde wa mvua, mnene, ubavu wote una ule mkanda wa waridi. Nimeshawaona samaki wengi, ila yule niliangalia uso wa binti yangu kuliko nilivyomwangalia samaki.

Jua lilipopanda tulihama bila majadiliano. Pechi tulimtafuta kwenye ukingo wa majani ya majini, pale sakafu inaposhuka kutoka mita tatu kwenda mita sita. Nikatoboa mstari wa matundu kutoka kina kifupi kwenda kirefu, yote kwa mkupuo mmoja, halafu kekee ikawekwa chini. Hii ni siri kubwa ya kuvua na watoto: toboa kwanza, vua baadaye. Kelele zinaisha, na kila mtoto ana matundu ya kuhamia. Tundu la pechi si lazima lizidi sentimita 12 au 13, na mguu wa mtoto hauzami humo kirahisi. Tundu lolote unaloliacha uliwekee tawi, mtu mwingine aje alione.

Namna ya kuvua ni hii. Shusha chambo mpaka kiguse sakafu. Kiinue na kukiangusha mara mbili tatu ili kipige tope, vumbi lipande kidogo. Kisha kiinue kama shubiri moja kutoka sakafuni na ukitulize kabisa. Pechi huja kwa ajili ya vumbi na mtikisiko, lakini hudona chambo kikiwa kimetulia. Kijana wangu alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa utotoni. Dakika kumi hivi bila kudonewa, nenda tundu jingine. Kundi linahama, nawe uhame. Ukishampata mmoja, rudisha chambo chini upesi kabla wenzake hawajaondoka.

Yule wa miaka 5 hakushika ufito muda mrefu, wala hatukumlazimisha. Alipewa upawa wa matundu, kazi yake kuondoa vipande vya barafu kwenye matundu ya kaka na dada. Aliifanya kwa bidii ya mtu mwenye cheo. Alipochoka alikaa kwenye sleji, kile kigari cha kuburuta juu ya theluji, ndani ya blanketi.

Tuliondoka wakati bado wanavua. Hilo nalisisitiza: ondokeni kabla hawajaomba kuondoka.

Karibuni.

Mama Tatu

Kaka Mshipi Mrefu, nashukuru sana. Nina watoto wadogo na hofu yangu ni baridi. Unawavisha nini? Wangu wakitoka nje nusu saa tu wanalia mikono.

Mshipi Mrefu

Dada, mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko sisi kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Kwa hiyo usipime kwa mwili wako. Sisi tunavaa tabaka tatu. La ndani ni sufu au kitambaa cha michezo, pamba hapana kabisa, maana pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kumnyonya mtoto joto. La katikati ni zito la kuhifadhi joto. La nje linazuia upepo na maji. Viatu viwe na nafasi; soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko soksi moja, damu haipiti.

Miguu ndiyo inayomaliza safari, si mikono. Mtoto aliyekaa anakanyaga barafu muda wote. Weka kipande cha ubao, godoro jembamba la kulalia nje au hata matawi chini ya miguu yake. Glavu beba jozi za akiba kwa kila mtoto, kwa sababu atazilowesha, hiyo ni hakika. Kinywaji cha moto kiwepo kwenye chupa. Na kila baada ya muda angalia pua, mashavu na masikio. Ngozi ikigeuka nyeupe na kufa ganzi, ipashe joto kwa kiganja au kwa kuigusisha na ngozi yako yenye joto. Usiisugue, na wala usiisugue kwa theluji kama wanavyosema wengine. Inaumiza nyama.

Kekee ya Zamani

Mwenye uzi umeandika vizuri, ila hapo kwa trauti napingana nawe. Mimi nimewalea wanangu kwenye trauti, na wote ni wavuvi mpaka leo. Mtoto akizoeshwa samaki wa haraka haraka hajifunzi kungoja. Trauti mmoja aliyengojewa asubuhi nzima anakaa moyoni kuliko ndoo ya pechi. Binti yako mwenyewe umesema aling'aa kwa trauti, hukusema aling'aa kwa pechi.

Mshipi Mrefu

Mzee wangu, hoja yako ina uzito na nimeitafakari. Kwa binti wa miaka 12 nakubali, ndiyo maana alfajiri ile ilikuwa yake. Lakini subira ya mtoto wa miaka 5 au 8 ina mwisho, na mwisho wake hufika mapema zaidi kwenye baridi. Anayengoja huku ana joto na anayengoja huku anatetemeka hawajifunzi kitu kimoja. Ningekuwa na mtoto mmoja mkubwa ningefanya kama wewe. Nikiwa na watatu wa rika tofauti, siwezi kuwafungia wote kwenye tundu la mkubwa.

Kekee ya Zamani

Hapo kwenye rika tumekutana. Nyongeza moja kwa wanaomfuata trauti: msifikirie tu asubuhi. Saa ya mwisho kabla ya giza ni nzuri vile vile, na pechi giza likiingia huacha kula. Kwa hiyo anayependa anaweza kuanza mchana na pechi akamalizia na trauti. Mtoto hahitaji kuamshwa usiku.

Mshipi Mrefu

Hili nalichukua. Kwa familia zenye wadogo sana ni mpangilio bora kuliko wangu, mradi ule mwendo wa kurudi uwe mfupi na kila mtu awe na taa ya kichwani.

Njia Panda

Wakuu, naomba msaada. Tumenunua hema la kuvulia, tunataka kuweka jiko dogo la gesi ndani ili watoto wasipate baridi. Kuna ubaya?

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, naomba nijibu hili kwa uzito wake. Jiko lolote linalowaka ndani ya hema linaweza kutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo oksijeni inakosa nafasi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Sasa fikiria mtoto aliyeamshwa alfajiri. Akisinzia mzazi anadhani amechoka tu.

Kama ni lazima mtumie jiko, liwe lililotengenezwa kwa matumizi ya ndani ya hema. Matundu ya hewa yaachwe wazi juu na chini, theluji isirundikwe kuzunguka hema lote hadi kuliziba, na kengele ya kugundua hiyo gesi iwepo, yenye betri nzima. Hakuna kulala jiko likiwaka. Mtu yeyote akilalamika kichwa, wote mtoke nje kwanza, maswali baadaye.

Mshipi Mrefu

Nashukuru dada. Njia Panda, hema lenyewe bila jiko tayari linakata upepo, na upepo ndio adui mkubwa. Sisi siku nyingi hatuwashi kitu.

Samaki Mdogo

Mimi nina swali la samaki. Tulivua pechi wadogo kwenye kina kirefu sana, tukawarudisha majini wakae wakue. Wakaelea juu ya maji wamelala ubavu, wengine tumbo limetoka mdomoni. Mwanangu alihuzunika sana. Tatizo ni nini?

Mshipi Mrefu

Swali zuri, na watu wengi hawalijui jibu lake. Pechi ana kibofu cha hewa kilichofungwa, hakina mrija wa kutolea hewa haraka. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukimtoa pechi kwenye mita 10 upesi, hewa iliyo kibofuni inatanuka karibu mara mbili, inasukuma viungo vyake nje, naye hawezi tena kuzama. Trauti hana shida hiyo kwa kiwango kile, kwa sababu kibofu chake kina mrija unaofika kooni. Anaweza kucheua hewa.

Kwa hiyo kwenye kina kirefu usivue pechi kwa nia ya kuwarudisha. Vua wale mtakaowala, mkitosheka hamieni kina kifupi au mfunge mishipi. Sisi tukiwa na watoto hatupiti mita saba au nane. Na anayekusudiwa kuliwa asiachwe akirukaruka juu ya theluji mpaka agande. Mpige kichwani mara moja kwa kirungu kidogo, afe hapo hapo. Nimewafundisha wanangu hivyo tangu mwanzo na hawaogopi; wanaona ni heshima kwa samaki.

Theluji Nyepesi

Mimi niko Ufini, nitaje kidogo ya huku. Kuvua kwenye barafu kwa ufito mfupi na mshipi wa mkono ni haki ya kila mtu, hulipii kibali, mtoto wala mzee, ila kuna maeneo yaliyokatazwa kama maporomoko ya mito yenye samoni na trauti. Lakini trauti wa kahawia ana sheria yake. Kusini mwa latitudo ya nyuzi 64 kaskazini, kwenye maji ya bara, trauti mwenye pezi dogo la mafuta, lile lililo kati ya pezi la mgongoni na mkia, ni wa porini, na lazima arudishwe majini. Aliyekatwa pezi hilo ametoka kwenye mabwawa ya kuzalishia, huyo unaweza kumchukua ukizingatia kanuni za urefu. Mfundishe mtoto kuangalia pezi kabla ya kushangilia.

Mshipi Mrefu

Hii ni elimu. Kila nchi, na mara nyingine kila ziwa, lina kanuni zake za idadi ya mishipi, urefu wa samaki na chambo. Ulizeni kabla ya kwenda. Na hasa samaki hai wa chambo: maziwa mengi ya trauti yanawakataza, na hata pasipokatazwa usiwahamishe kutoka ziwa moja kwenda jingine, maana unahamisha na magonjwa. Funza na minyoo vinatosha kabisa kwa pechi.

Mama Tatu

Kaka, nina la mwisho linalonikosesha usingizi. Barafu ikivunjika na mtu akazama, tunafanya nini?

Mshipi Mrefu

Dada, hili kila mzazi alijue kwa moyo, na watoto wafanyishwe mazoezi nyumbani kwenye zulia.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu akifanya utafiti, analifundisha kwa namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza mwili unashtuka na pumzi inakimbia. Kazi yako ni kuelea na kutuliza pumzi, si kupigana. Kisha una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Hapo ndipo unatoka. Na hata ukishindwa kutoka, inachukua karibu saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu, mradi kichwa kiko juu ya maji. Watu wanadhani wanakufa kwa baridi mara moja, wanapaparika, wanameza maji. Muda upo.

Geukia upande uliotokea, maana barafu ya huko ilikubeba. Weka mikono juu yake, choma misumari ya kujiokolea, piga miguu nyuma kama unaogelea mpaka mwili ulale sambamba na barafu, jivute. Ukitoka usisimame. Bingirika mpaka ufike pale palipokuwa salama.

Aliye nje asikimbilie tundu. Alale kifudifudi, arushe kamba. Kamba yetu ina kitanzi mwishoni ili mtu mwenye vidole vilivyoganda aingize mkono tu, nayo hukaa juu ya mizigo yote, haifungwi ndani ya begi. Piga simu ya dharura mara moja. Akitoka, avuliwe nguo zilizolowa, afungwe kwenye nguo kavu. Tunabeba begi zima la nguo kavu lisiloingia maji kwa ajili hiyo pekee.

Zamu ya Usiku

Naongezea hapo. Aliyetolewa majini asitembezwe wala asisuguliwe mikono na miguu. Mlaze, mpashe joto kifuani na kwapani polepole, na hata akisema yuko sawa, aonwe na daktari.

Njia Panda

Na mtu akitaka kwenda mwishoni mwa msimu, jua likiwa zuri na barafu ingali nene?

Kekee ya Zamani

Hapo mwanangu unene unadanganya. Jua la mwishoni mwa msimu linaivunja barafu kwa ndani, inakuwa vijiti virefu vilivyosimama wima na maji katikati yake. Utapima sentimita 30 na bado ikakuangusha. Ikigeuka kijivu, au mtaimbo ukapita kwa mapigo machache tu, hakuna samaki wa kukupeleka. Asubuhi baada ya usiku wa baridi kali inaweza kuonekana ngumu, mchana ikabadilika. Familia isiende kabisa wakati huo.

Lakini mlio ule wa ngurumo unaotisha wageni katikati ya msimu ni jambo jingine. Barafu inatanuka na kujikunja joto linapobadilika, inapasuka nyufa nyembamba na kulia. Mwambie mtoto mapema, vinginevyo atataka kurudi nyumbani saa ile ile.

Samaki Mdogo

Mshipi Mrefu, vifaa vya mtoto wa miaka 8 vinunuliwe vipi? Na kusafisha pechi, magamba yake yananitesa.

Mshipi Mrefu

Ufito mfupi, sentimita 50 hadi 70, wenye ncha laini inayoinama kwa mdono mdogo kabisa. Mshipi wa milimita 0.16 hivi unatosha pechi. Wa trauti nenda 0.22 au 0.25. Ukifunga mnene kwa pechi, chambo kidogo hakishuki sawasawa na mtoto hahisi kitu. Chambo bandia cha metali ya tangsteni ni kizuri kuliko cha madini ya risasi kwa sababu ni kizito ingawa ni kidogo, kinafika chini upesi, na mtoto anayetia vitu mdomoni yuko salama zaidi. Gurudumu liwe rahisi. Kwenye baridi vitu vyenye sehemu nyingi huganda.

Kusafisha: usiparue magamba ya pechi, yameshika sana. Kata nyuma ya shavu hadi kwenye uti, geuza kisu, telezesha kuelekea mkiani, kisha lazia mnofu ngozi chini na uutenganishe na ngozi. Magamba yote yanabaki kwenye ngozi. Chunga miiba ya mgongoni na ncha kali ya kifuniko cha matamvua, vyote vinakata. Trauti yeye hana haja ya kuparuliwa, magamba yake ni madogo mno. Mpasue tumbo, toa matumbo na matamvua, halafu tafuta ule mstari mweusi unaofuata uti wa mgongo kwa ndani. Hiyo ni figo yake. Ikwangue yote kwa ncha ya kijiko na kuosha kwa maji baridi, kwa sababu ndiyo inayoanza kuharibika.